Gari Limezama na Maji Yanajaa: Utatuzi wa Matatizo ya Safari ya Foo-wili na Kambi Kisiwani K'gari

K'gari, kisiwa ambacho ramani nyingi zilikiita Fraser Island hadi jina lake la Wabutchulla, wenyeji wa asili wa kisiwa, liliporudishwa rasmi mwaka 2023, kiko karibu na pwani ya Queensland nchini Australia, na ndicho kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani. Urefu wake unazidi kilomita 120. Barabara yake kuu ni ufuko wa mashariki, 75 Mile Beach, ambao kisheria ni barabara kama nyingine yoyote ya Queensland: mikanda hufungwa, mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na dereva mlevi hushtakiwa, tofauti ni kwamba bahari huifunika barabara hii mara mbili kwa siku. Njia za ndani ya msitu ni nyembamba, za mchanga mtupu, na mwendo wa juu huko ni kilomita 30 kwa saa.

Mwongozo huu ni kwa kundi la marafiki wanaovuka na magari mawili au matatu ya foo-wili (yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne), mahema na chakula cha siku kadhaa, wakiwa tayari wamepata vibali vya gari na vya kupiga kambi kutoka idara ya hifadhi ya Queensland. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo mtu huiona kwanza, lakini nitarudi mara kwa mara kwenye mambo matatu, yaani upepo wa tairi, saa za maji na uzito wa mzigo, kwa kuwa ndiyo yanayozaa sehemu kubwa ya taabu za kisiwani, na mara nyingi huwa yameshazizaa saa kadhaa kabla hazijaonekana.

Gari linazidi kuwa zito na injini inalia

Mmeshuka kwenye pantoni pale Hook Point, umekanyaga mafuta kama kawaida, na gari linaitikia kwa kuchelewa, kana kwamba mtu ameshika breki. Usiongeze mafuta kabla hujajua sababu. Sababu karibu kila mara ni upepo wa tairi. Tairi yenye psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) za barabara ya lami hugusa mchanga kwa eneo dogo, na uzito wote wa gari hubanwa hapo, kwa hiyo tairi hukata mchanga badala ya kupita juu yake. Ukiishusha hadi psi 18 au 20, sehemu inayogusa chini hurefuka, hasa kuelekea mbele na nyuma kuliko pembeni, na gari huanza kupita kwa wepesi. Shuka uitazame kwa karibu: ubavu wa tairi uwe umejitokeza kidogo pale chini, na alama inayoachwa mchangani iwe ndefu na ya juujuu. Ukiona alama ina kuta zilizosimama pande zote mbili, na mchanga umerundikana mbele ya gurudumu, upepo bado ni mwingi.

Pima kwa geji, wala usikadirie kwa jicho, kwa sababu tairi ngumu ya mizigo huonekana imejaa hata ikiwa imeshuka sana. Kwenye njia za ndani zenye mchanga mlaini unaweza kufika psi 15. Chini ya hapo ni kwa ajili ya kujikwamua tu, kwa mwendo wa miguu na bila kona kali, kwani tairi iliyolegea hivyo huweza kubanduka kwenye rimu. Na hata kwenye psi 18, dereva asidanganywe na ule mwendo wa kilomita 80 unaoruhusiwa. Tairi laini huchemka upesi, gari huitikia usukani kwa kuchelewa, na kukata usukani ghafla kwa kasi, hasa mzigo ukiwa juu ya paa, ndiko kunakopindua magari ufukoni. Watu wamekufa kisiwani humo kwa kupinduka, na mimi ningependa kila kundi lihamishe vitu vizito kutoka kwenye paa hadi sakafuni kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Ikiwa upepo uko sawa na gari bado ni zito, tazama gia. Mchanga mlaini unataka injini izunguke kwa nguvu bila kuhangaika, na hiyo ndiyo kazi ya 4L, yaani foo-wili ya gia za chini zenye nguvu na mwendo mdogo (4H ni ile ya gia za kawaida). Dereva anayesubiri hadi gari lisimame ndipo ahamie huko huwa amechelewa, kwa sababu kubadilisha gia katikati ya mchanga mlaini huua mwendo wote uliokuwa umeujenga. Halafu tazama mifumo ya kielektroniki ya kuzuia magurudumu yasiteleze. Katika magari mengi mfumo huo hupunguza nguvu ya injini mara tu gurudumu linapoanza kuzunguka bure, jambo ambalo ni zuri kwenye lami yenye mvua na ni balaa mchangani. Soma kitabu cha gari ujue swichi ya kuuzima iko wapi kabla ya kuvuka.

Sababu ya mwisho haiko kwenye gari. Mchanga mkavu wa mchana, baada ya siku nyingi bila mvua, ni mlaini kuliko mchanga uleule asubuhi au siku moja baada ya mvua. Njia uliyoipita kwa urahisi Jumatatu inaweza kukukataa Alhamisi.

Gari limesimama na gurudumu linachimba

Toa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa ziada hushusha gari, na baada ya sekunde chache tu tumbo la gari hukaa juu ya mchanga, magurudumu yakibaki yananing'inia ndani ya mashimo yake. Jaribu kurudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, maana mchanga ulioukanyaga tayari umeshindiliwa. Kama ulisimamisha gari kwa kuachia mafuta, njia ya nyuma mara nyingi iko wazi. Kama ulikanyaga breki, umejijengea tuta dogo mbele ya kila gurudumu na huenda ukalazimika kulifukua.

Likikataa, watu wote washuke, na sepetu zishuke nao. Hapa ndipo makundi mengi hukosea mpangilio: hukimbilia kamba, wakati kazi iko kwenye sepetu. Fukua mbele ya magurudumu yote manne kwa mteremko mrefu, kisha lala kifudifudi utazame chini ya gari, kwa sababu mchanga ulioshika difu (kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli) na chasisi unaweza kuzuia gari zaidi ya ule ulio kwenye magurudumu. Shusha upepo zaidi, sukumiza vibao vya kukwamulia mpaka viguse tairi, na uondoke kwa gia ya chini bila kuzungusha magurudumu. Vibao vikirushwa nyuma, tatizo ni kwamba hukufukua vya kutosha au ulikanyaga mafuta kwa pupa.

Mkifikia hatua ya kuvutana kwa gari jingine, fungeni mkanda wa kuvutia gari kwenye pete au ndoano za kuvutia zilizofungwa kwenye chasisi na zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Msifunge kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Chuma hicho hakikuundwa kuhimili mshtuko wa mkanda unaonyumbuka. Kikikatika, huruka kama risasi, na nchini Australia kimeshaua watu. Tandikeni blanketi zito au mfuko wenye mchanga katikati ya mkanda ili kuupunguzia kasi ukikatika, na wote wasio madereva wasogee umbali unaozidi urefu wa mkanda wenyewe mara moja na nusu, wakae pembeni na si kwenye mstari wake. Anayepiga picha naye asogee.

Kuna dalili moja inayofanana na hii lakini chanzo chake ni kingine: magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele yametulia kabisa. Kwenye magari ya zamani yenye habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufungwa kwa mkono, dereva amehamisha gia hadi foo-wili lakini hakushuka kufunga habu. Zifungeni nyote mkiwa bado bara.

Maji yanajaa na bado mko ufukoni

Hili linastahili nafasi kubwa, kwa sababu gari lililokwama kwenye mchanga mkavu ni usumbufu, lakini gari lililokwama chini ya alama ya maji ni hasara kamili. Ushauri wa mamlaka ya hifadhi ni kuepuka ufuko kwa saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, maana yake nafasi ya kupita hubaki takriban saa nane, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwenye karatasi saa nane ni nyingi. Ufukoni hupungua, kwa kuwa upepo mkali wa kusini mashariki husukuma mawimbi juu kuliko jedwali linavyosema, na bamvua za mwezi mchanga na mwezi mpevu huacha ukanda mwembamba zaidi.

Tuseme mmekutwa. Dalili ya kwanza ni kwamba magari yanaanza kulazimika kupanda kwenye mchanga mlaini wa juu ili kukwepa mawimbi. Wakati huo msishindane na maji, wala msipite ndani yake. Chumvi huingia kwenye breki, nyaya na chasisi, na mchanga uliotoka kufunikwa na wimbi humeza gurudumu lililosimama kwa dakika chache. Pandisheni magari juu, karibu na matuta lakini si juu ya majani yake, katika sehemu iliyo juu ya mstari wa takataka za mawimbi, elekezeni pua baharini ili kuondoka kuwe kwa mteremko, kisha msubiri. Sehemu ya kusini, kati ya Hook Point na Dilli Village, ina njia ya ndani iliyowekwa kwa ajili ya saa hizo, na kwenye miamba ya Poyungan na Yidney kuna njia za kuzungukia. Zitumieni, kwa sababu miamba ile ya kahawia huharibika kwa magurudumu nayo huharibu magari.

Chanzo cha kukutwa na maji hakijawahi kuwa bahari. Ni kifungua kinywa kilichochelewa, hema lililofungwa polepole, dakika 40 za kupiga picha kwenye mabaki ya meli Maheno, iliyotupwa ufukoni mwaka 1935. Dawa yake ni mtu mmoja katika kundi kukabidhiwa saa, awe na mamlaka ya kusema tunaondoka sasa, na wengine wamtii bila mjadala. Mchagueni mkiwa bado mnapendana.

Ufuko ni tambarare, mara gari linaruka

Maji ya mvua na chemchemi za kisiwa hushuka baharini kwa vijito vingi, na kila kijito hukata mfereji ufukoni. Mfereji huo huhama na maji. Kutoka mbali, hasa jua la mchana likiwa juu kabisa, ukingo wake hauonekani, kwa kuwa mchanga ni rangi moja. Unachoweza kuona ni mstari mwembamba wa kivuli, au mahali ambapo alama za magari yaliyotangulia zinakatika ghafla. Ukingo wenye kimo cha goti ukiupiga kwa kilomita 70 kwa saa unavunja springi na shokomzoba, na mtu aliyekaa bila mkanda hugonga paa.

Punguza mwendo kila unapoona unyevu unaotokea upande wa nchi kavu. Kwenye Eli Creek, ambacho ndicho kijito kikubwa kuliko vyote upande wa mashariki, simama, tazama wengine wanapitia wapi, na uvuke wakati maji ya bahari yamekupwa. Mkumbuke pia kwamba ndege ndogo hutua kwenye ufuko huu, na watoto hucheza kwenye vijito pasipo kusikia gari kwa sababu ya mawimbi.

Joto linapanda, au kuna harufu ya kuungua

Harufu kali kama ya kitambaa kinachoungua ni klachi, na sababu yake ni dereva anayeondoka kwa kuishikilia nusunusu katika 4H. Ahamie 4L na aachie klachi moja kwa moja. Kwenye gari la otomatiki hakuna harufu ya kukuonya mapema, bali taa ya joto la oili ya gia huwaka baada ya mwendo mrefu wa polepole kwenye njia za ndani. Tiba ni ileile, 4L, pamoja na kusimama na kuacha injini ikizunguka bila mzigo hadi ipoe. Mshale wa joto la injini ukipanda, tazameni kwanza uso wa rejeta kama umezibwa na mbegu za majani au matope. Msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Asubuhi gari haliwaki

Likitoa mlio wa tik-tik tu, friji imekunywa betri usiku kucha. Washeni kwa nyaya kutoka gari jingine, na kuanzia hapo friji ikae kwenye betri yake ya pili au izimwe usiku. Friji iliyojaa vitu vilivyogandishwa nyumbani hustahimili hadi asubuhi bila shida.

Hema linang'oka

Vigingi vyembamba vya udongo havishiki mchangani. Tumieni vigingi virefu na vipana vya mchanga, au jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba katikati, uzikwe kina cha nusu mita na kamba itokee kwa mlalo kuelekea hema. Pigeni hema nyuma ya tuta la kwanza, ndani ya eneo lililoruhusiwa, mlango ukielekea mbali na kusini mashariki. Msikate mti wala kuokota kuni kwa ajili ya moto. Kisiwa hiki kiko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1992, na majiko ya gesi yanatosha.

Dingo anazungukia kambi

Hili nalo lisichukuliwe kwa wepesi. Dingo wa K'gari ni mbwa mwitu halisi, ni wembamba kwa maumbile yao, na anayewahurumia akawatupia kipande cha nyama amewahukumu wao na atakayekuja baada yake. Mwaka 2001 waliua mtoto wa miaka tisa. Mnyama aliyezoea chakula cha watu huwa mkali, na akishakuwa mkali hatima yake ni kuuawa.

Akirudi kambini zaidi ya mara moja, kuna kitu kinachomwita. Tafuteni mpaka mkipate. Huenda ni sanduku la barafu lililobaki nje, mfuko wa taka uliotundikwa mtini, maji yaliyooshewa vyombo vya samaki yakamwagwa karibu, au hata dawa ya meno ndani ya hema. Kila kitu chenye harufu kifungiwe ndani ya gari, madirisha yakiwa juu. Akikukaribia, simama wima, mtazame, kunja mikono kifuani na urudi nyuma polepole huku ukiwaita wenzako, usikimbie. Mtoto asiachwe mbali kuliko mkono wa mtu mzima unavyofika, na kundi lenye watoto lichague kambi zenye uzio, kama Dundubara, Waddy Point au Central Station. Hata kwenda msalani usiku, nendeni wawili wawili na fimbo.

Kundi limetawanyika na simu hazishiki

Mtandao wa simu kisiwani hupatikana hapa na kukosekana pale. Gari la mbele linapotoweka, sababu huwa ni kwamba kila dereva alimwangalia wa mbele na hakuna aliyemwangalia wa nyuma. Wekeni kanuni moja: kwenye kila njia panda, gari halikati kona hadi lililo nyuma yake lionekane. Redio za UHF za magari zitawekwa kwenye chaneli moja tangu bara. 10 ndiyo inayotumiwa zaidi na misafara ya foo-wili nchini humo, na 5 ni ya dharura, isiguswe kwa maongezi. Namba ya dharura ya Australia ni 000, na 112 kwenye simu ya mkononi hutumia mtandao wowote unaopatikana. Kwa kundi linalokwenda kaskazini kupita Ngkala Rocks, ambako mchanga ni mlaini na magari ni machache, kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti si anasa.

Mmerudi kwenye lami na gari linatetemeka

Kwanza jazeni upepo, maana tairi ya psi 18 kwenye lami huungua kutoka ndani. Usukani ukitetemeka baada ya hapo, msikimbilie fundi. Ingiza mkono nyuma ya rimu: huenda kuna mchanga wenye unyevu ulioganda upande mmoja, na uzito huo unatosha kuvuruga mizani ya gurudumu. Uoshe. Mlio wa kukwaruza kwenye breki mara nyingi ni chembe kati ya pedi na diski, nao huisha kwa kuosha kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Osheni pia chini ya gari lote, ndani ya chasisi na juu ya matanki, siku ileile mliyovuka.

Likiwa limepita kwenye maji marefu, lifunguliwe difu. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia bomba lake la kupumulia, na hakuna sauti wala taa itakayokuambia. Fungua kizibo cha kujazia uchovye kidole. Oili iliyo salama ni ya uwazi wa kahawia. Ikiwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa, imwagwe yote, ijazwe mpya, na ikaguliwe tena baada ya kilomita mia chache, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye kuta huchanganyika na oili mpya.